Lenzi Nzito, Kamera Nyepesi: Historia Fupi ya Uzito, Kutoka Mikeno Hadi Kibati



Katika mji wetu wa Goma kuna neno ambalo kila kijana aliyenunua kamera ya kuanzia amekwisha kulisikia: "Ile ka-apareye haiwezi kubeba ile objektifu, itavunjika." Linasemwa na wakubwa wenye kazi ya kupiga picha za ndoa, linasemwa na wauzaji wa vifaa vya okazyo, na linarudiwa hata na watu ambao hawajawahi kushika kamera. Ukilisikiliza vizuri utaona limefunga mambo mawili pamoja. La kwanza ni la ufundi: je, kamera ya gramu 400 au 500 inaweza kufanya kazi na lenzi ya kilo moja na nusu? La pili halitajwi waziwazi, lakini ndilo linaloumiza: kwamba mwenye kamera ndogo si mpiga picha wa kweli, akae pembeni mpaka apate pesa za kamera kubwa.

Mimi ni mtu wa kilimo, nina lisansi ya agronomia, na kamera kwangu ni chombo cha shamba kama vile jembe na mizani. Lakini swali hili nimelifuata kwa njia ya historia, na nimeona jambo moja ambalo nataka tulijadili. Tangu miaka zaidi ya 100, lenzi ya kuona mbali imekuwa mzigo mkubwa kwa kamera inayoibeba. Waliotatua shida hiyo hawakuanza kwa kuongeza uzito wa kamera. Walibadilisha mahali ambapo uzito unashikiliwa. Na kila mara kuna swali jingine nyuma ya lile: ni nani anayeubeba?

Historia hii haikupita mbali na sisi. Ukisimama Kibati, kwenye barabara ya Goma kwenda Rutshuru, asubuhi wakati mawingu yamefunguka, Nyiragongo iko hapo karibu kabisa, na upande wa kaskazini-mashariki unaona Mikeno na Karisimbi. Sehemu kubwa ya nitakayoeleza iliandikwa juu ya milima hiyo, na juu ya barabara hiyo.

1. Kioo kirefu, sanduku la mbao

Tuanze mwaka 1891. Kabla ya hapo, mtu aliyetaka kupiga picha ya kitu cha mbali alihitaji lenzi yenye urefu mkubwa na kamera yenye mfuko wa kuvutika kama akordeoni, mrefu vilevile. Karibu wakati mmoja, watu watatu katika miji mitatu walipata jibu linalofanana, kila mmoja kwa njia yake: Thomas Rudolphus Dallmeyer kule London, Adolf Miethe kule Berlin, na Adolf Steinheil kule Munich. Waliweka kundi moja la vioo mbele la kukusanya mwanga, na kundi jingine nyuma la kuutawanya kidogo. Matokeo yake, lenzi inakuza kama vile ni ndefu sana, kumbe yenyewe ni fupi zaidi. Hiyo ndiyo inaitwa telefoto.

Urefu ulipungua, lakini uzito ulibaki. Kioo ni kioo. Ukitaka kuona mbali na bado upate mwanga wa kutosha, kioo cha mbele lazima kiwe kipana, na kioo kipana ni kizito. Sheria hiyo haijabadilika mpaka leo, hata kama kamera imekuwa ya plastiki na ina kompyuta ndani.

Telefoto hiyo ilifika Afrika ya Mashariki mapema. Mjerumani Carl Georg Schillings alizunguka katika nchi ya Wamasai na pande za Kilimanjaro, katika koloni la Wajerumani ambalo leo ni Tanzania, akipiga picha za wanyama: mchana kwa telefoto, usiku kwa mwanga wa baruti. Kitabu chake kilitoka mwaka 1905 na kilishangaza Ulaya, juu watu hawakuwa wamezoea kuona wanyama wa pori wakiwa hai, katika mahali pao, bila kujua kwamba wanatazamwa.

Lakini tujiulize: kamera zile, sahani za kioo, kemikali, miguu ya kusimamishia, vyote vilifikaje porini? Vilifika juu ya vichwa na mabega ya wapagazi. Lenzi nzito ya wakati ule haikuwa shida kwa mwenye kamera, kwa sababu si yeye aliyeibeba. Jina la mpiga picha liko kwenye jalada la kitabu. Majina ya wabebaji, karibu yote, hayapo popote.

2. Akeley na mlima wetu

Mtu aliyeelewa vizuri zaidi shida ya lenzi nzito alikuwa Mmarekani Carl Akeley. Kazi yake ya kwanza haikuwa picha. Alikuwa mtengenezaji wa wanyama wa makumbusho, yule anayechukua ngozi na kumrudishia mnyama umbo kama vile yuko hai. Mwaka 1910, katika Kenya ya leo, alijaribu kupiga filamu ya wapiganaji wa Kinandi wakiwinda simba kwa mikuki. Akashindwa. Mashujaa walikuwepo, simba walikuwepo, jua lilikuwepo. Kilichokosekana ni kamera inayoweza kugeuka haraka. Kamera za filamu za wakati ule zilikuwa masanduku makubwa, na ukiweka lenzi ndefu mbele yake, mpaka ugeuze mambo yamekwisha pita.

Akeley hakukubali. Alirudi Marekani akatengeneza kamera yake mwenyewe, akapata hati ya ubunifu mwaka 1915. Mwili wake ulikuwa wa duara, mpaka watu wakauita "keki ya sufuria". Jambo la maana lilikuwa katika mpangilio wake. Kwanza, kichwa cha trepie kilikuwa na magurudumu mazito ya ndani yanayozunguka, hivyo kamera iligeuka upande au juu na chini kwa ulaini, kwa mkono mmoja, bila kuruka-ruka. Pili, lenzi zilikuwa mbili zinazofanana, moja ya kupiga na moja ya kutazamia, na zilisogea pamoja, hivyo mpigaji aliona kile kile kamera inachoona. Tatu, lenzi ndefu zilibadilishwa kwa haraka.

Hapo ndipo fundisho la kwanza liko. Akeley hakusema "lenzi ni nzito, basi nitengeneze kamera nzito zaidi ili zilingane." Alisema: uzito upumzike juu ya mhimili, na mhimili uwe mahali uzito unapolingana. Mkono wa mtu ubaki na kazi ya kuongoza tu.

Mwaka 1921 alikuja huku kwetu, kwenye miteremko ya Mikeno, na kamera ile. Alipiga filamu ambayo inahesabiwa kuwa ya kwanza ya sokwe wa milimani wakiwa porini. Tuseme ukweli wote: safari ile ile ilikuwa ya kuwaua pia. Sokwe watano walichukuliwa kwa ajili ya American Museum of Natural History kule New York, na mpaka leo wamesimama pale nyuma ya kioo, na nyuma yao zimechorwa volkano za Kivu. Lakini kuwatazama kwa muda mrefu kulimbadilisha. Alirudi akidai walindwe. Tarehe 21 Aprili 1925, Parc National Albert ilianzishwa, ile tunayoiita leo Virunga. Mwaka uliofuata, 1926, Akeley alirudi, akaugua, akafa tarehe 17 Novemba, akazikwa Kabara, kwenye uwanda ulio kati ya Mikeno na Karisimbi.

Na wabebaji? Mmoja ambaye jina limebaki ni Wimbia Gikungu, Mkikuyu, ambaye alifanya kazi na Akeley katika safari nyingi. Akeley alimwita Bill. Ona vile: hata huyu aliyekumbukwa, alikumbukwa kwa jina ambalo si lake.

3. Kamera inakuwa ndogo, lenzi inakataa

Mwaka 1925 huo huo, kule Ujerumani, kwenye maonyesho ya Leipzig, kamera ya Leica ilionyeshwa kwa watu. Ilitumia filamu ya milimita 35, na iliingia katika mfuko wa koti. Kwa mara ya kwanza mtu mmoja angeweza kwenda mahali, akapiga, akarudi, bila mpagazi.

Hapo ndipo swali letu la leo lilipozaliwa kweli: kamera nyepesi, lenzi nzito. Mwaka 1935 Leica walitoa kisanduku chenye kioo cha kuakisi cha kuwekwa kati ya kamera na lenzi ya milimita 200. Mwaka 1936, kwa ajili ya michezo ya Olimpiki ya Berlin, Zeiss walitoa Sonnar ya milimita 180, lenzi nene ya kukamata mwanga mwingi, kwa ajili ya Contax ambayo ilikuwa kamera ndogo ya mkononi. Ukiona picha ya vifaa vile utacheka: lenzi kubwa kama chungu, na nyuma yake kamera imeng'ang'ania kama mtoto mgongoni. Mwenye lenzi ya namna hii alijua kwamba mzigo ni lenzi, kamera ni kifuniko cha nyuma tu.

Kwa nini kioo cha kuakisi? Kwa sababu dirisha dogo la kutazamia lililo pembeni linadanganya. Kwa kitu cha karibu au cha mbali sana, unachoona si kile lenzi inachoona. Kamera ya refleksi ina kioo ndani kinachokuonyesha picha kupitia lenzi yenyewe, halafu kinaruka juu wakati unapiga. Nikon F ya mwaka 1959 ndiyo iliyoifanya njia hiyo kuwa ya kawaida kwa waandishi wa habari duniani. Kwa hiyo, refleksi na lenzi ndefu ni ndugu wa damu. Anayesema refleksi ndogo haikutengenezwa kwa lenzi kubwa amesahau kwamba kamera ndogo ilipewa kioo cha kuakisi ili iweze kutumia lenzi kubwa.

Halafu mwaka 2003 Canon walitoa EOS 300D, refleksi ya dijitali iliyouzwa Marekani chini ya dola 1,000, yenye mwili wa plastiki na gramu 560 hivi. Mwaka 2013 walitoa EOS 100D, yenye gramu 407 pamoja na batri na kadi. Hizi na dada zao za Nikon ndizo zinazozunguka leo katika soko la okazyo la miji yetu, mkono wa tatu, mkono wa nne, zimetoka Dubai, Kampala, Ulaya. Kupitia hizo, kijana wa Kivu ameingia katika historia hii akiwa na kamera shingoni. Safari hii hakuitwa kubeba ya mwingine.

4. Hesabu kidogo, msikimbie

Sasa tulipime lile neno la "itavunjika".

Uzito peke yake hauvunji. Kinachovunja ni uzito ukizidishwa na umbali. Mkulima yeyote anajua: shika jembe mwisho kabisa wa mpini, ulinyooshe mbele, utachoka kabla ya kuhesabu 30. Lishike karibu na chuma, utalibeba kutwa nzima. Jembe ni lile lile.

Chukua lenzi ndogo inayokuja na kamera, ile ya 18-55. Ina gramu 200 hivi, na tuchukulie kitovu cha uzito wake kiko sentimita 3 na nusu mbele ya kamera. Sasa chukua Canon 70-200 f/2.8 ya kizazi cha pili, gramu 1,490, na tuchukulie kitovu chake kiko sentimita 10 mbele. Zidisha. Ya kwanza inatoa 700, ya pili 14,900. Kwa hiyo pete ya kuunganishia inasukumwa mara 20 na zaidi kuliko ilivyozoea. Wakubwa hawakutunga uongo. Kuna kitu.

Lakini tazameni vizuri. Nguvu hiyo inafika kwenye pete ikiwa tu unashika kamera na kuiacha lenzi ining'inie mbele. Ukishika lenzi, hesabu inageuka: sasa kamera ndiyo inayoning'inia nyuma, na kamera ni gramu 400 au 500 tu, kitovu chake sentimita chache. Hapo wepesi wa kamera unakuwa faida. Kamera nyepesi nyuma ya lenzi nzito inaisumbua pete kidogo kuliko kamera nzito nyuma ya lenzi ile ile! Watu wengi hawajawahi kulifikiria hilo.

Na sisi watu wa huku tuna mfano bora kuliko vitabu vyote. Tazama chukudu zinazoshuka kutoka Kibumba na viazi, kabeji na poro, zinapita Kibati kwenda Goma. Ni mbao tu, magurudumu mawili, hakuna motere, na inabeba mizigo ambayo wageni wanaipiga picha wasiamini. Kwa nini haivunjiki? Juu hakuna anayetundika gunia la viazi kwenye mikono ya usukani. Gunia linalala juu ya ubao, karibu na chini. Mikono ya usukani ni ya kuongoza. Akeley alisema jambo lile lile kwa chuma.

5. Namna ya kufanya

Kutokana na historia hiyo, sheria za kazi zinajitokeza zenyewe.

Mkono wa kushoto uende chini ya lenzi, katikati ya uzito, kiganja kikitazama juu, kiwiko kimeegemea mbavu. Mkono wa kulia unagusa kamera kwa ajili ya kupiga tu. Ukiinua vifaa kutoka mezani au kutoka begi, inua lenzi, kamera itafuata. Usiinue kamera ukiacha lenzi ifuate.

Lenzi nzito nyingi zina pete yake yenye mguu wa kufungia trepie. Mguu ule haukuwekwa kwa urembo. Funga trepie hapo, wala si chini ya kamera. Kama umenunua okazyo na pete haipo, uliza bei yake kabla ya kulipa, maana lenzi bila pete ile ni kama chukudu bila ubao. Mkanda wa shingo pia, ufunge kwenye lenzi au kwenye pete ile.

Barabara ndiyo hatari kubwa kuliko mkono. Juu ya mawe yetu ya volkano, moto ikiruka, lenzi iliyo ndani ya begi inarukaruka pia, na mshtuko mmoja unazidi uzito wa kawaida mara nyingi. Ukipanda moto kutoka Goma kwenda Kibati, tenganisha lenzi na kamera, weka vifuniko, kila kimoja katika nguo yake.

Mtetemo. Kamera ya kuanzia ina kihisio kidogo, ndiyo maana lenzi ya milimita 200 kwenye Canon inaonyesha kama 320, kwenye Nikon kama 300. Kila mtetemo unakuzwa vilevile. Kwa hiyo anza na kasi ya 1/320 au zaidi kama lenzi haina kituliza mtetemo. Usidhani uzito ni adui hapa: kitu kizito kilichoshikwa vizuri kinatetemeka polepole kuliko chepesi.

Mwisho, kwa wenye Nikon. Kamera zao nyingi za kuanzia, tangu D40 ya mwaka 2006, hazina motere ya fokasi ndani. Lenzi nyingi za zamani, nzito na za bei nzuri, zitaingia na kupiga, lakini fokasi utaizungusha kwa mkono. Canon ya EOS haina shida hiyo, maana tangu 1987 motere iko ndani ya lenzi za EF. Muuzaji hatakuambia hayo. Uliza mwenyewe.

Kwa hiyo jibu la ufundi ni hili: inawezekana, na haitavunjika, ukishika lenzi. Lakini tumebaki na lile swali la pili.

6. Kibati, na umbali wa kutazama

Mwisho wa Oktoba 2008, wakati CNDP ya Laurent Nkunda ilisogea kutoka upande wa Kibumba kuelekea Goma, watu kwa maelfu walishuka barabara hii na kusimama Kibati. Mabanda ya majani na maturubai yalijaa juu ya mawe meusi. Mstari wa mapigano haukuwa mbali na kambi. Wapiga picha wa mashirika makubwa ya dunia walikuja, na kwa majuma machache Kibati ikawa jina la dunia. Mwaka 2013 jina hilo lilirudi tena, wakati wa mapigano ya Agosti kati ya jeshi, pamoja na brigedi ya Umoja wa Mataifa, na M23.

Wakati ule kamera ya kitaalamu kama Canon EOS-1D Mark III ilizidi kilo moja bila lenzi. Uweke na lenzi kubwa, bei yake inapita nyumba ya mbao katika mtaa wetu. Ni nani huku angeweza kununua? Kwa hiyo, wengi wetu tumekuta picha za utoto wetu zimeshikwa na watu waliokuja na kuondoka. Sisemi walifanya vibaya. Wengi walihatarisha maisha yao, na bila wao kusingekuwa na ushahidi. Nasema tu kwamba mzigo wa vifaa uliamua ni jicho la nani litakaloandika.

Na lenzi ndefu ina tabia yake. Inavuta sura ya mama aliyebeba godoro kichwani, inafuta vyote vilivyo pembeni: jirani anayemsaidia, mtoto anayecheka, duka la simu ambalo bado limefunguliwa. Mtu anabaki peke yake na mateso yake. Inamruhusu mpigaji kuchukua bila kusalimia. Kwa sokwe, umbali ni heshima: kwa miaka mingi wageni waliambiwa wasikaribie chini ya mita 7, juu magonjwa yetu yanawaua. Kwa lava umbali ni maisha. Kwa mtu aliyekimbia vita, umbali unaweza kuwa njia ya kutomuuliza jina.

Kuna pia hatari ambayo kijana wa huku lazima aifahamu kuliko mgeni. Lenzi nyeupe ndefu inaonekana kutoka mbali, na machoni pa mtu mwenye woga na silaha inaweza kufanana na kitu kingine. Kwenye barieri, karibu na kambi ya askari, karibu na uwanja wa ndege, iache ndani ya begi. Hakuna picha inayolingana na hiyo.

Mambo yameanza kugeuka. Mwaka 2020 Finbarr O'Reilly, mpiga picha aliyepewa tuzo ya Carmignac ili afanye kazi juu ya Kongo, alizuiwa na mipaka iliyofungwa kwa sababu ya Covid. Kazi ikageuka kuwa ya pamoja, Congo in Conversation, na picha zikapigwa na Wakongomani wenyewe, wakiwemo watu wa Goma kama Moses Sawasawa, Guerchom Ndebo na Ley Uwera. Mwaka ule ule Pamela Tulizo wa Goma alishinda tuzo ya Dior ya wapiga picha vijana. Tarehe 22 Mei 2021, Nyiragongo ilipopasuka jioni na lava ikakata barabara ya Rutshuru na kufika Buhene, dunia haikungoja ndege ilete mpiga picha. Watu wa hapa walikuwa tayari barabarani, wengine na kamera, wengi na simu, wakipiga huku wakitafuta familia zao.

Mlima ule ule umewahi kutazamwa na wakubwa wa volkano: Haroun Tazieff, aliyeliona ziwa la lava la Nyiragongo mwaka 1948, kisha Katia na Maurice Krafft. Njia ya kupanda inaanzia hapa Kibati, karibu mita 1,990 juu ya bahari, na kumalizikia karibu mita 3,470. Katika mita hizo zote, kila kilo inahesabiwa, na siku zote kulikuwa na kijana wa Kibati mwenye mfuko wa mwingine mgongoni. Anaijua njia, anajua mahali ukungu unapofunga, anajua saa ambayo mwanga ni mzuri. Amefika kileleni mara nyingi kuliko wote aliowabebea. Kilichokosekana ni kamera iliyo yake.

Kwa hiyo ndugu yangu, dada yangu, ukiwa na ka-kamera ka gramu 400 na rafiki akakukopesha lenzi ya kilo moja na nusu kwa siku moja, usikatae kwa ajili ya aibu. Weka mkono wako wa kushoto chini yake. Halafu, kabla ya kuinua, uliza kama kweli unaihitaji: kama ni ndege juu ya mti, kama ni moshi wa Nyiragongo, kama ni ugonjwa kwenye jani la juu la mgomba, ndiyo. Kama ni mama wa Kibati anayeuza kabeji kando ya barabara, toa ile lenzi nzito, rudisha ile ndogo ya plastiki, sogea hatua kumi, na umsalimie kwanza. Ukishampiga, andika na jina lake, kama akikubali. Wapagazi wa Schillings na wa Akeley hawakupata hilo.